Uso wa Rehema

Mmeniuliza, na wengine mmeniuliza zaidi ya mara moja, Mombasa kulikuwaje. Pale chumba cha walimu nilijibu tu kwamba tulirudi salama, nikaendelea kusahihisha madaftari, kwa sababu jambo lenyewe halitoshi kwenye mapumziko ya chai. Leo ni Jumapili, Zena amelala, nami nimepata nafasi. Nitawaeleza tangu tulipoondoka Kitale. Habari za tiketi na barua za daktari naziruka. Hizo hazina la kusimulia.

Kwa asiyemjua vizuri, Zena ni binti yangu wa pekee, ana miaka kumi na tano. Kichwa kilianza kumuuma akiwa bado shule ya msingi. Kilimshika upande wa kulia, nyuma ya jicho, mpaka akawa anakaa ameweka kiganja pale kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Tulipima malaria, tukapima taifodi, tukapima macho. Alivaa miwani, akaivua. Picha ya kichwa ilipigwa, ikasemekana ni safi. Mwishowe daktari mmoja kijana, mpole sana, akaniuliza: "Mwalimu, baba yake alikufa na nini? Na kwao kuna mwingine anayeumwa hivi?"

Ya kwao sikuyajua. Marehemu mume wangu, Bakari, alikuwa fundi wa magari hapa mjini, mzaliwa wa Likoni. Alianguka gereji mchana, spana mkononi, Zena akiwa bado anatambaa. Walituambia ni presha. Kwao alikuwa amekosana na baba yake kwa sababu ya kunioa mimi, Mkristo wa bara, na hakupenda kuwazungumzia. Nililolijua ni kwamba alikuwa na dada anayeitwa Mwanakombo, aliyeolewa Bombolulu, karibu na karakana za kazi za mikono. Shule zilipofunga, tukaondoka na jina hilo moja.

Barabarani mpaka Taru

Basi lilikwenda vizuri mpaka tulipopita Voi. Huko kwenye nyika ya Taru likaanza kutoa moshi, dereva akaliegesha, na sote tukateremka. Jua lilikuwa kali, upepo haupo, na barabara ilijaa malori marefu ya kontena yanayotoka bandarini, kila moja likitupita likitutikisa vifua.

Abiria walikaa kwenye kivuli cha basi, na kadiri jua lilivyosogea nasi tukasogea. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya mayai ya kuchemsha akagawa kwa waliokuwa karibu, na kachumbari kidogo juu. Zena hakula. Alikuwa amefumba macho. Nilipomgeuza uso nikaona damu inamtoka puani, nyembamba, inashuka mpaka mdomoni, naye hana habari.

"Ni joto, mama," akaniambia.

Nikampangusa kwa leso. Pua yake ilikuwa ikitoka damu mara kwa mara hata Kitale, na sikuwahi kulifikiria sana. Tuliendelea jua likiwa limeshapungua ukali.

Changamwe

Tulifikia kwa binamu yangu Bonifasi, anayeendesha lori Kipevu. Nyumba yake iko nyuma ya barabara kuu, na hewa yote ya pale ina harufu ya mafuta kutoka kwenye matangi. Zena hapendi harufu kali, zinamwamshia kichwa, lakini siku hizo za Changamwe hakuumwa hata kidogo. Jambo hilo lilinisumbua kuliko kama angeumwa. Nilikuwa nimezoea kumsubiria yale maumivu, na sasa yalikuwa yamenyamaza, kama mtu aliyenyamaza chumba cha pili ukajua hajalala.

Mke wa Bonifasi alisema ni mapepo na kwamba mapepo hunyamaza yakikaribia kwao. Nilimwambia sitaki kusikia maneno hayo mbele ya mtoto. Usiku nilimsikia akiomba mlangoni petu.

Asubuhi tulikwenda kunywa chai kwa Bi Fatuma, mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi mbele ya nyumba yake. Mimi, mwalimu wa Kiswahili miaka yote hii, nikamwambia, "Nipe chai mbili."

Akaniangalia. "Nikupe? Kwani wanidai?"

Watu wote kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka. Nikajisahihisha: naomba. Alimpenda Zena palepale, akamwongezea mbaazi, akamfundisha adabu za huko. "Wewe ni mtoto wa Mswahili, ati. Ukiitwa usiseme 'eeh' kama mbuzi. Itika 'abee'." Akamwita mara kadhaa kwa majaribio, "Zena!" na Zena akaitika "abee" huku akicheka kwa haya. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka kwa siku nyingi.

Bombolulu

Tulivuka kisiwa, tukapita daraja la Nyali, tukateremka Bombolulu kabla ya saa za adhuhuri. Mpango wangu ulikuwa rahisi: kuulizia Mwanakombo dukani, kwa sababu wenye maduka wanajua watu.

Kabla sijauliza, mwanga ule mkali ulikuwa umemshika Zena. Kiganja kikapanda kwenye jicho. Kulikuwa na duka dogo la dawa kando ya njia, lenye dirisha la nondo, nikamwongoza huko. Mwenye duka, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma, alikuwa ameinama akipanga maboksi. Aliinua macho, akamwona Zena na mkono wake usoni, na bila kuulizwa akavuta droo, akatoa karatasi ya vidonge, akaisukuma kwenye dirisha.

"Kichwa tena, Rehema?"

Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu aliyelisema neno hilo mara nyingi. Kisha mkono wake ukasimama juu ya vile vidonge. Nilimwona akikumbuka. Sijui niliandike vipi: uso wake ulibaki vilevile lakini ni kama damu imeondoka ndani yake. Akavuta mkono taratibu, akatamka shahada kwa sauti ya chini, akafunga kile kidirisha cha mbao. Tukasikia komeo.

"Mzee," nikaita. "Mzee, samahani. Rehema ni nani?"

Alikuwa bado yuko palepale nyuma ya ubao, nilimsikia akipumua.

Zena aliniuliza kama amefanya kosa. Nikamwambia labda mzee ni mgonjwa. Tukaendelea na njia, na pale ndipo Zena alipotangulia. Akakata kona kushoto, akapita kati ya kuta mbili, akatokea kwenye uwanja mdogo wenye vyumba vya kupanga pande zote. Baadaye nilimuuliza kwa nini alipita njia ile. Alisema alikuwa akifuata kivuli, macho yalikuwa yanamuuma. Huenda. Mimi nilikuwa nyuma yake, na niliona kwamba hakusitasita.

Watoto walikuwa wakiruka kamba uwanjani. Mmoja, msichana mdogo mwenye marinda ya manjano, akamwona. Kamba ikaanguka.

"Rehema karudi!" akapiga kelele, kwa furaha kabisa, akamkimbilia. "Mama! Rehema karudi!"

Alikuwa ameshamkumbatia Zena kiunoni mama yake alipotoka mbio, akamnyakua, akaingia naye ndani. Mlango ukafungwa. Halafu ukafungwa wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyetukana wala kutufukuza. Walifunga tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka uwanja ukabaki na sisi wawili, na sufuria ya mtu ikiendelea kuchemka jikoni nje. Zena alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo. Viganja vyake vilikuwa baridi kwenye joto lile.

Mlango mmoja ulikuwa na pazia tu. Nyuma ya pazia sauti ya mwanamke ikasema, "Simama hapo hapo, mwanangu. Usisogee. Vua viatu."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wewe mama, nyamaza kwanza. Avue viatu, niione miguu yake."

Ndipo nilipoelewa. Nimewahi kusoma kwamba watu wa huko husema jini anaweza kujigeuza kila kitu isipokuwa miguu, miguu hubaki na kwato. Nilitaka kumvuta mtoto wangu tuondoke. Lakini Zena alikuwa ameshainama. Alivua kiatu, akavua cha pili, akavua soksi, akasimama kwenye mchanga wa moto, vidole vyake vyote nje, akajionyesha kama mtu anayeshtakiwa. Akainua na nyayo, moja moja, bila kuambiwa.

Pazia likasogea. Mama mmoja wa Kigiriama, mnene, mwenye macho ya huruma, akatoka akilia. "Ni mtu," akasema. "Jamani, ni mtu." Akamwambia avae viatu asiungue.

Aliitwa Mama Kadzo. Hakutukaribisha ndani, na sikumlaumu. Alituambia akiwa amesimama kizingitini. Mwanakombo alikuwa akiishi chumba kile cha pembeni na binti yake Rehema. Rehema aliumwa kichwa kwa muda mrefu. Alikuwa mtoto mzuri, mpenda mzaha, aliyewafundisha watoto wa uwanja ule kuruka kamba. Kabla ya Ramadhani iliyopita alifariki. Mama yake akashindwa kukaa pale, akarudi kwao Mtongwe, Likoni, kwa mama yake mzazi.

"Na huyu wako," akasema, bado akimtazama Zena, "ni yeye. Si kufanana. Ni yeye."

Kivukoni

Kwenye banda la kungojea feri tulisimama na mamia ya watu, wanaotoka kazini na wanaokwenda sokoni, wote wakingoja lango lifunguliwe. Nilimnunulia Zena mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Aliishika tu. Alikuwa ameniomba mtandio wangu, amejifunika uso, akabakiza macho.

"Mama."

"Naam."

"Aliumwa na kitu hiki hiki?"

"Hatujui."

"Lakini alikufa."

Lango likafunguliwa, umati ukatusukuma, na hatukuweza kuzungumza mpaka tulipokuwa majini. Alisimama karibu nami, akatazama ng'ambo. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza saa, "Kama watu wote wanaona mimi ni mtu aliyekufa, huenda wao wanaona kitu ambacho sisi hatukioni?"

Nilimkaripia. Nikamwambia asirudie tena maneno hayo. Nilimkaripia kwa sababu na mimi nilikuwa nikiwaza hivyo hivyo tangu dirisha la yule mzee lilipofungwa.

Mtongwe

Safari hii niliulizia jina la marehemu baba mkwe, lile la pili la Bakari, na Zena akabaki amejifunika. Tulielekezwa nyumba ya mawe ya zamani yenye paa la mabati, ua wa makuti pembeni, lango limeegeshwa. Nikabisha hodi. Nikasukuma lango kidogo.

Mwanamke mwembamba alikuwa amekaa kwenye mbuzi, akikuna nazi, uso wake umetuelekea. Nilimjua kwa paji la uso. Lilikuwa la Bakari. Kwa wakati huo mtandio wa Zena ulikuwa umeteleza. Mwanamke yule alimtazama Zena moja kwa moja. Hakushtuka. Hakupiga kelele. Aliendelea kukuna nazi, macho yake kwa Zena, mkono ukizunguka, mpaka nikaona kwenye sinia weupe wa nazi unachanganyika na unga wa kahawia wa kifuu, na bado anakuna.

"Shikamoo, shangazi," Zena akasema.

Kipande cha nazi kikamtoka mkononi.

"Yuwasema," akanong'ona. Akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza, kana kwamba ndipo aliponiona. "Huyu yuwasema?"

"Mimi ni mke wa Bakari, wifi yangu," nikamwambia. "Huyu ni mtoto wa ndugu yako. Anaitwa Zena."

Akaweka mikono yake miwili kichwani. Kisha akatueleza, polepole, kwa nini hakuinuka. "Rehema huja. Alasiri, husimama hapo hapo langoni. Nikiinuka, huondoka. Basi siku hizi siinuki. Nakaa nikamtazama mpaka aondoke mwenyewe. Lakini yule hasemi. Hajanisalimu hata siku moja."

Vinyweleo vya mikono vilinisimama, na jua liko palepale, kuku wanachakura uani.

Kisha kutoka ndani ya nyumba, kwenye chumba chenye giza, sauti ya bibi kizee ikaita: "Rehema! Rehema, ndoo, mwanangu!"

Wifi yangu akafumba macho. "Ni mama," akasema. "Macho hayaoni tena. Kila siku tunamwambia, na kila siku husahau. Akikumbuka hulia upya. Amesikia sauti ya huyu."

"Rehema!"

Nilimwangalia Zena. Alikuwa amepauka. Hakuna aliyemwambia afanye nini, mimi nisingethubutu.

"Abee," akaitika.

Akaingia ndani peke yake. Sisi tulibaki uani tukisikiliza. Bibi alimuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Zena akasema alikuwa safarini. Bibi akamuuliza kichwa chake. Zena akasema bado kinauma. Nilipochungulia nikaona bibi amempakata kichwa mapajani, vidole vyake vinapita pale pale upande wa kulia nyuma ya jicho, bila kuelekezwa.

Wifi yangu hakuchungulia. Alikuwa akinitazama mimi.

"Na pua?" akauliza. "Pua yake hutoka damu?"

Kwa swali hilo nilipata jibu ambalo daktari wa Kitale alilitaka. Bakari alikuwa akitoka damu puani mwaka mzima, naye alisema ni joto, kwenye baridi ya Kitale. Baba yao alikuwa hivyo hivyo, wifi akasema, na alifariki akiwa shambani, ghafla. Rehema alipelekwa kwa sheikh, akapelekwa kwa mganga, akapelekwa zahanati za hapa na pale. Siku ya mwisho alikuwa akisukwa nywele na mama yake, mchana, wakizungumza habari za harusi ya jirani. Akasema "mama, mbona giza," akamlalia mapajani. Hospitalini daktari mmoja alisema kulikuwa na mishipa kichwani iliyosokotana vibaya tangu kuzaliwa, ikapasuka, na kwamba mambo hayo hutembea kwenye damu ya ukoo. "Aliniambia niwaambie jamaa," akasema wifi. "Ningemwambia nani? Wamebaki wanawake wawili na kaburi."

Tulikula kwao. Wali, samaki wa kupaka, na ile nazi yenye kifuu hakuna aliyeitaja. Zena alikula kwa mara ya kwanza tangu Changamwe, amekaa mkekani kando ya bibi.

Hospitali, Nairobi, nyumbani

Wifi yangu alituvusha mwenyewe kwenda hospitali kisiwani. Daktari alipomsikiliza hakurudia maswali. Aliagiza picha ile ya kuchomwa dawa inayoonyesha mishipa. Tulikaa kwenye benchi tukingoja. Majibu yalipotoka, alitugeuzia skrini ili tuone wenyewe. Upande wa kulia, nyuma ya jicho, palikuwa na kifundo kama nyuzi zilizochezewa na paka. Picha ya kwanza haikuweza kukionyesha. Akasema kilikuwa hakijapasuka. Alilisema neno hilo "hakijapasuka" kwa uangalifu sana.

Matibabu yalifanyika Nairobi. Waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaupandisha mpaka kichwani, wakaziba kile kifundo. Sitaandika saa zile. Alipozinduka aliuliza kama amelala sana na kama kuna soda. Bado anaumwa kichwa mara mojamoja, na wametuambia atarudi kuangaliwa, lakini kiganja hakikai tena usoni. Mmemwona wenyewe.

Lililobaki ni wifi yangu. Siku ya kuagana nilimwomba na yeye apigwe picha. Alikataa katakata. Alikiri kwamba kichwa kinamuuma tangu ujana, na pua hivyo hivyo, lakini, "Nikijua, n'talala vipi mule ndani na mama?" Zena alimbembeleza, nami nikambembeleza, hakukubali. Tukamwacha amesimama langoni, palepale alipokuwa akimwona Rehema.

Juzi, nilipokuwa nikichambua mboga, simu ya Zena ikalia. Alikuwa shangazi yake, na Zena akaweka spika. Nilisikia makelele ya watu na honi nyuma ya sauti yake.

"Niko feri," akasema. "Nimeandikiwa picha ya kichwa hospitali. Nimekuja peke yangu, na miguu yataka kurudi. Niongeleshe, mwanangu. Niongeleshe mpaka nivuke."

Zena akakaa sakafuni, akaegemea ukuta. Akamweleza habari za shule, mwalimu mpya wa hesabu, ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye mahindi yetu, mvua iliyonyesha Jumanne. Alipokosa la kusema alisoma maandishi kwenye pakiti ya unga. Upande wa pili hatukusikia neno, ila pumzi. Kisha tukasikia lango zito la chuma likiteremshwa, na miguu ya mamia ya watu ikianza kutembea kwa pamoja.

"Nimefika," akasema wifi yangu. "Usikate. Nashuka."